Uko na Nani Humo Garini?

Baba yangu alikuwa akinipigia simu mara tatu kwa siku, na usipopokea anaamini umekufa. Tangu mama afariki anaishi peke yake kule juu mlimani Meru, kwenye migomba yake, na simu ndiyo inayompa mtu wa kuongea naye. Ile ya asubuhi ilinikuta kila mara njiani, nikitoka Moshono kwenda kazini. Mimi si mtu wa kutulia. Simu ikilia nisipoijibu, mwili mzima unawasha. Siku moja nilikuwa napapasa mkoba kuitafuta, nikainua macho na kukuta bodaboda iko mbele ya boneti. Kijana akakwepa hadi mtaroni, akanitukana, na alikuwa na haki.

Nikaapa kwamba gari nitakalonunua safari hii litakuwa na skrini ya kuunganisha simu, niongee na baba huku mikono yote iko kwenye usukani.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye ni fundi magari pale Kaloleni, alinicheka.

"Dada, unanunua gari au unanunua televisheni? Angalia injini kwanza. Halafu gari hii unayoitaka, tumbo lake liko chini mno. Masika haifiki kwa mzee."

Alisema "mzee", hakusema "baba". Ulikuwa mwaka wa tatu hawasemezani. Baba alipolazwa hospitali, mdogo wangu aling'oa mibuni yote ya shamba la chini akapanda miparachichi, akiamini anamsaidia. Ile mibuni baba aliipanda na mama. Aliporudi alisimama shambani kwa muda, akaingia ndani, na kuanzia hapo hakulitaja tena jina la mwanawe. Akiongea nami alimwita "mwenzio" tu. Mimi nikabaki katikati, kila mmoja akiniuliza habari za mwingine huku akijifanya hajali. Nilikuwa nimechoka nao wote wawili, na niliogopa baba atakufa hivyohivyo.

Gari lenyewe lilikuwa la mama mmoja wa Njiro, mteja wa siku nyingi wa mdogo wangu. Pale getini aliniunganishia simu, akanionyesha kitufe cha kupokelea kwenye usukani, akatuachia tukalijaribu. Niliendesha mimi. Mdogo wangu alikaa kando, kioo ameshusha, sikio nje, akisikiliza vyuma vya chini. Kabla hatujafika kwenye lami nilikuwa nimelitaka gari lile na kulikataa mara nne. Skrini nzuri. Lakini masika je? Lakini ile bodaboda je?

Mara muziki ukakatika, skrini ikaandika: Baba.

Ningeweza kuacha iite. Au ningepokea na kusema mapema, baba, niko na mtu. Ndivyo inavyopasa. Lakini kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza, na sauti ya baba ikajaa gari zima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeamkaje? Umekunywa chai?" Hakungoja jibu. "Sikiliza. Ile miparachichi ya mwenzio imezaa. Jana nimekula parachichi moja. Leo nimekula mawili, na chumvi. Usimwambie."

Nilitamani barabara inimeze. Sikuthubutu kumtazama mdogo wangu. Nilimsikia akipandisha kioo, polepole, kelele za nje zikaisha, tukabaki sisi na pumzi za baba. Kwetu unaweza kugombana na mzazi miaka yote hiyo, ukamkwepa hata kanisani, lakini sauti yake ikikufikia hukai kimya kama gogo. Hatukulelewa hivyo.

"Shikamoo, baba," akasema mdogo wangu.

Nilikanyaga breki bila sababu. Katika spika za nyuma jogoo wa baba akawika.

"Uko na nani humo garini?"

"Niko naye, baba."

Nikawaza, sasa anakata, na kuanzia leo ataninyima maneno mimi pia.

"Marahaba," akasema hatimaye. Akakohoa. "Mwambie mwenzio matawi yameelemewa, yanataka nguzo. Mimi siwezi."

"Mwambie nitakuja Jumamosi," akasema mdogo wangu, akiitazama skrini.

"Baba, anasema atakuja Jumamosi."

"Nimesikia! Kwani mimi kiziwi?"

Akakata. Mdogo wangu akajifuta uso kwa kitambaa chake cha kufutia oili, akabonyeza bonyeza skrini kama mtu anayekagua kitu.

"Spika zake nzuri," akasema.

Nililinunua. Kuhusu masika alisema kweli. Mvua ilipoanza nililiacha chini, karibu na kanisa, nikapanda kwa miguu, tope limenifika kwenye vigimbi. Niliwakuta shambani wanabishana juu ya urefu wa nguzo, baba akitoa amri, mdogo wangu akijibu "ndiyo, baba" na kufanya anavyotaka. Nikafurahi hadi nikataka kulia. Hakuna aliyeniuliza nimefikaje.

Siku hizi naendesha nikiitazama ile skrini kuliko inavyofaa. Haiandiki kitu. Simu za baba zinakwenda Kaloleni, asubuhi, mchana na jioni, na mdogo wangu analalamika kwamba hafanyi kazi. Nina wivu, sioni haya kusema. Juzi tu, nikiwa kwenye foleni, ikaandika Baba, nikabonyeza kabla haijaita mara ya pili.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mama. Mwenzio simpati hewani. Uko naye humo?"

"Hapana, baba. Niko peke yangu."

"Ahaa," akasema. "Haya." Na muziki ukarudi.