Tundu la Kanzu

Harufu ya udi ikipanda ngazi kutoka kwa jirani, mimi hujipapasa mgongoni mpaka leo.

Ijumaa moja nilitaka kumfurahisha babu. Nikaitandaza kanzu yake juu ya chetezo, kama bibi alivyozoea kuifukiza, nikazidisha makaa ili inukie zaidi. Ikaungua tundu mgongoni, kubwa kama kisahani.

“Sikukusudia!” nikalia.

“Ungekusudia, huo ungekuwa ubaya,” bibi akasema, huku anajizuia kucheka. “Haya yanaitwa madhara.”

Babu akaivaa vivyo hivyo, akenda msikitini, nami nyuma yake nimejiinamia. Muuza kahawa akamwita barazani: “Mzee wangu, mgongoni pana nini?”

Babu akageuka amwoneshe vizuri.

“Madhara,” akasema. “Madhara ya kupendwa.”