Kuanzia Mgomba Ule, Unatembea

Mpaka leo nikiona fulana ya njano barabarani asubuhi, hasira zinanipanda kabla sijafunga hata kamba za raba. Wapo wanaosema nimelikuza jambo. Waache waseme. Wengi wao hawakuwepo kule juu, na waliokuwepo walikuwa wanapiga picha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Mafiga. Si mzaliwa wa Morogoro. Nilihamishiwa huku nikiwa bado msichana, nikabaki. Miaka sita iliyopita daktari alinipima presha, akaniambia nitembee au nikimbie, nichague mwenyewe. Nikachagua kukimbia, maana mimi haraka nimezaliwa nayo. Nilianza na njia ya Mazimbu, tambarare, malori ya mchanga yananitimulia vumbi mdomoni. Mwezi haukuisha nikageuza uso upande wa milima. Nikawa napandia Boma, naiacha lami, naingia kwenye kijia chembamba kinachokata mashamba ya migomba, magimbi na maharage, navuka kijito kwa mawe matatu, napanda tena, halafu naingia msituni, ambako kuna baridi hata Januari. Nikirudi mjini presha imeshuka, na wanafunzi wangu nao wanapumua.

Siku ya kwanza kabisa nilipokatiza yale mashamba mbio, bibi mmoja alikuwa anapalilia. Aliponiona akatupa jembe, akajikaza khanga kiunoni, akaanza kunifuata huku akilia, "Nani? Jamani, nani tena?" Nikasimama nikidhani kuna nyoka. Kumbe kule juu mtu mzima hakimbii kwenye njia ya mashamba ila kwa jambo moja. Simu hazishiki upande ule. Ukitaka mtandao upande juu ya jiwe moja kubwa nyuma ya nyumba ya bibi, na shambani watu hawaendi na simu. Kukitokea kifo, mtu anatumwa, anakimbia kijia kizima. Haongei, hasalimii. Anayemwona anaacha jembe palepale, anashuka msibani. Ndivyo wanavyoitana, na ndivyo walivyoitana bibi zao.

Nilipomweleza kwamba nakimbia kwa ajili ya presha, alinitazama kuanzia raba mpaka kilemba.

"Yaani hujafiwa?"

"Sijafiwa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa hiyo unakuja kuishusha yako huku unapandisha ya kwetu!"

Akacheka mpaka akashika magoti. Alipomaliza kucheka akaninyooshea kidole. Shamba lile ni lake, kalipata upande wa mama yake kama wanawake wa kwao wote, na la juu yake ni la dada zake wawili wa ukoo. Njia inapita kwa hisani yao. "Kuanzia mgomba ule mpaka unapoingia msituni, unatembea. Unasalimia. Ukishaingia msituni, hata ukitaka kuruka kama ngedere, wewe ruka."

Nikatii. Miaka mitano nilifika kwenye ule mgomba nikapunguza mwendo, nikatembea, nikasalimia. Nilijifunza nani anaumwa, nani kapata mjukuu, nguruwe pori kala magimbi ya nani. Bibi alikuwa akinisimamisha na kunifungia magimbi mawili kwenye jani la mgomba, nami narudi mjini nakimbia na magimbi mkononi, watu wananishangaa. Siku moja aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba siku yake ikifika anataka wale wawili wa juu ndio wamwoshe. Waliahidiana tangu wasichana. "Sitaki kuoshwa na watu wa kuja," akasema, akinitazama mimi mtu wa kuja bila hata kupepesa.

Sasa nije kwenye mdomo wangu.

Mjini kuna klabu ya mazoezi ya Jumamosi, na mimi nilikuwa mwanachama. Mwenyekiti wetu ni mzee wa ofisini, kitambi mbele, filimbi shingoni. Asubuhi moja wakawa wanalalamika kwamba wamechoka lami, wamechoka vumbi, njia zote ni zilezile. Nami, loh, sijui nilikuwa najitafutia nini. Sifa tu. Nikasema ninayo njia ambayo hamjawahi kuiona. Nikawaeleza na masharti yake: kwenye mashamba tunatembea, tunasalimia, kule kukimbia ni habari ya msiba. Wakaitikia wote, "Sawasawa, mwalimu!" kama darasa la watoro.

Jumamosi hiyo tulipanda watu kama arobaini, fulana za njano tupu. Tulipofika kwenye mgomba nikageuka, nikainua mikono miwili, nikapaza sauti, "Tunatembea!" Mwenyekiti akanipita. Akapuliza filimbi, akapita, na kundi zima likamfuata likiimba nyimbo zao za mazoezi, wengine wananipiga vikumbo, mmoja ananiambia, "Usitukate stimu, mwalimu."

Na wiki ile bibi alikuwa kitandani na homa. Kila mtu kule juu alijua. Basi wanawake walioko mashambani wakasikia kelele, wakatazama, wakaona umati unatoka upande wa nyumba ya bibi, mbio. Unategemea wafikirie nini?

Nilipofika uani kwake, wale wawili wa juu walikuwa wameshateremka, matope mpaka magotini. Mmoja alikuwa anajigaragaza chini, analia kwa jina la utotoni la bibi. Mlango ukafunguliwa. Bibi akatoka, kajifunika blanketi, anatetemeka kwa homa, akauliza, "Mnamlilia nani?"

Mnamlilia nani! Swali hilo silisahau.

Na kumbe jirani mmoja alikuwa ameshapanda juu ya jiwe, amempigia binti wa bibi, ambaye alikuwa anauza karanga sokoni Gairo. Mtandao ukakatika kabla hawajamwambia kwamba ilikuwa makosa, na alipopigiwa tena simu yake ilikuwa imezima chaji. Alifika alasiri, sauti imekauka kwa kulia ndani ya basi, kajitanda khanga ya msiba. Akamkuta mama yake anakunywa uji. Hakufurahi. Alikaa kizingitini akatapika, kisha akamtazama kila mmoja wetu uani pale, mpaka nikainamisha uso.

Jumatatu nilimfuata mwenyekiti ofisini kwake. Nikamweleza yote. Akacheka! "Si mzima? Basi tumshukuru Mungu, mwalimu. Na kweli ile njia ni tamu." Nikamwambia mbele ya wafanyakazi wenzake kwamba yeye ni mtu mzima ovyo. Akasema sina roho ya kimichezo. Wiki mbili baadaye kijia chote kilikuwa na mishale ya rangi ya njano: kwenye mawe, kwenye migomba, hadi kwenye jiwe la katikati la kijitoni, ambako watu wanachota maji ya kunywa. Njia yao rasmi. Niliandika kwenye grupu la klabu nikiwataka waiache. Wakanitoa kwenye grupu. Nikapanda na brashi ya waya na mchanga, nikasugua mawe mpaka vidole vikachubuka. Jumamosi wakapaka upya. Kila Jumamosi, filimbi na nyimbo. Wakaongeza na Jumatano.

Lakini niwalaumu wao peke yao kwa nini? Hawakuota ile njia. Mkono uliowashika wakapanda nao ulikuwa wangu, na hilo ndilo linaloniwasha zaidi.

Bibi alipona ile homa, ila hakurudi kuwa yule. Binti yake akaacha karanga za Gairo, akahamia kwake kumtunza. Mimi niliendelea kupanda siku nyingine, natembea, nasalimia. Niliomba radhi hadi bibi akachoka kunisikiliza. Hakunigombeza hata siku moja, na afadhali angenigombeza. Siku moja tukiwa tunamenya maharage aliniambia, taratibu kabisa, "Mwalimu, juzi wamepita tena wale. Hakuna aliyeinua kichwa. Wameshazoea. Sasa mimi siku yangu ikifika, nani atashuka?"

Nikamwambia, "Nitawaita mimi mwenyewe, bibi."

Akanipa maharage mengine nimenye.

Masika ya mwaka huu, shule zimefungwa, nilipanda asubuhi ya siku ya kazi. Nilipofika kwenye mgomba nikapunguza mwendo kama kawaida yangu. Binti wa bibi alikuwa amesimama mlangoni, kajifunga khanga kiunoni. Akaniambia mama ametutoka baada ya swala ya alfajiri. Kuna jirani kakimbilia kwa shehe, maziko ni alasiri, yeye hawezi kumwacha mama peke yake. "Waite wa kumwosha, mwalimu. Wewe una miguu."

Nikakimbia. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kwanza, nilikimbia ndani ya yale mashamba, nikavuka kijito kwa kukanyaga mshale wao wa njano, nikapanda ule mwinuko unaokata pumzi hata kwa kutembea. Wale wawili walikuwa wanapalilia pale juu, migongo yao naiona. Mmoja akainuka, akaniona, akanipungia mkono.

"Leo na wewe umeamua kutukimbilia! Kaza, mwalimu, presha ishuke!"

Mwenzake akacheka bila kugeuka. Wote wawili wakainama tena.

Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Pumzi zote zilikuwa zimeishia kwenye ule mlima. Nikaiacha njia, nikaingia katikati ya maharage, nayakanyaga, yananikatikia miguuni, mpaka nikamfikia yule aliyenipungia, nikalikamata jembe lake kwa mikono miwili likiwa hewani.

"We mwalimu, una wazimu? Unanikanyagia maharage yangu!" Akalivuta jembe. Nami nikalivuta. Ndipo aliponitazama usoni, akaliachia.