Mbega Mtulivu wa Magamba

Aibu iliyonipata mwezi uliopita katika ukumbi wa kanisa imekwisha kusimuliwa hadi sokoni, tena kwa kutiwa chumvi na watu ambao hata hawakuwapo, na kwa kuwa nimeitumikia serikali hadi nikastaafu bila kuacha jalada lenye kasoro, naona ni haki yangu kuisimulia mwenyewe kwa usahihi.

Sisi wapenzi wa picha za viumbe hapa Lushoto tuna kundi letu la WhatsApp, nami ndiye mwenyekiti. Asubuhi moja ya ukungu nilipanda mlima wa Magamba na lenzi yangu ndefu (niliinunua kwa kiinua mgongo, na mke wangu hadi leo huiita mke mwenza), na ng'ambo ya bonde, kwenye tawi ukingoni mwa msitu, nikamwona mbega: mweusi, mabega meupe, mkia mweupe ukining'inia. Nikampiga picha nyingi bila yeye kutikisika, na badala ya kwenda kuzikagua kwanza kwenye kompyuta, kama utaratibu unavyotaka, nikairusha moja kundini palepale mlimani.

"Mbega gani huyu hana uso?" akaandika Mwalimu Halima, ambaye hupiga picha za vinyonga kwa simu na hajapata kuheshimu lenzi ya mtu.

"Ameinama, Mwalimu. Mnyama naye ana haki ya kupumzika."

"Basi na lenzi yako inapumzika, Mwenyekiti. Mbona haioni vizuri? Iuze ununue miche ya parachichi."

Hapo nilikasirika. WhatsApp hubana picha ikapoteza makali yake. Kosa si la lenzi. Jumamosi ile tulikuwa tukutane ukumbini kuchagua picha moja ya kutundikwa mapokezi kwenye nyumba ya wageni ya usharika, na nilikwisha kuwaambia wanangu walioko Dar es Salaam kwamba itakuwa yangu, kwa hiyo nikatangaza kuwa nitaleta picha halisi, ioneshwe ukutani kwa projekta, kila mwanachama ahesabu manyoya.

Ikaoneshwa. Ukumbi ukanyamaza, nami (Mungu anisamehe) nikadhani ni kwa heshima, nikaendelea kueleza jinsi lenzi nzuri inavyotenganisha weusi na weupe, huku nimeupa ukuta mgongo, mpaka mke wa Mchungaji, aliyekuwa akitumiminia chai, akaweka birika chini.

"Samahani kukukatiza, Baba. Hilo si joho la Mchungaji?"

Nikageuka. Lilikuwa joho jeusi, na stola nyeupe, kile kitambaa kirefu cha ibada, ikining'inia juu yake, na vifungo vyote, na henga ya waya iliyolitundika tawini.

"Kwetu bondeni halikauki na ukungu huu," akasema kwa upole. "Nikalipandisha kule juu lipate upepo."

Mchungaji mwenyewe, aliyekuwa ameketi kiti cha mbele, akavaa miwani. "Limetoka vizuri," akasema.

Mwalimu Halima alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Alipopata pumzi akasema, "Mwenyekiti, lenzi naiomba radhi. Wewe bado."

Kinyonga wake ndiye anayewapokea wageni sasa, na sikatai, ni picha nzuri. Uenyekiti sikujiuzulu, kwani katiba yetu haisemi lolote kuhusu majoho. Ila nimejiwekea kanuni: mnyama yeyote wa Magamba, simpigi picha mpaka nimwone kwanza akijikuna.