Iliasi Alisimama Sekunde Sita

Bwana wangu Iliasi amevusha watu hapa Nyangwe miaka thelathini, na hata siku moja hakuketi ndani ya mutumbwi. Muvushaji wa hapa anapiga kafi akiwa amesimama, miguu mitupu, nyuma kabisa. Anayeketi ni abiria ao mugonjwa. Wateja wakiona muvushaji ameketi, wanapita kwa mwingine. Ndivyo tulivyo, tuna kiburi cha ajabu, na mimi mwenyewe kile kiburi ndicho nilichokipenda. Nilimuona kijana amesimama katikati ya mto Lualaba, bidoni za mafuta ya mawese mbele yake, anaimba, nikasema basi, huyu ni wangu.

Mwaka jana, wakati wa mvua, alianguka majini. Mawimbi hayakuwepo. Akaniambia ameteleza. Wiki iliyofuata akaanguka tena, mara hii uani, akitoka kuoga. "Mama Soraya, usimwambie mutu," akaniomba. Nami nikafunga mudomo. Soraya, mutoto wetu, ameolewa Kasongo. Hata yeye sikumwambia.

Ndipo akaja Dokta Emilienne toka chuo kikuu, na sanduku lake, mashini ya umeme. Wakubwa wa shule wakamupa darasa moja la kufanyia kazi. Alitafuta watu wazima wenye afya, zaidi wavushaji, maana alitaka kujua kama umeme kidogo sana, ukipitishwa kichwani bila kukata wala kuchoma sindano, unaweza kumuongezea mutu nguvu ya kusimama bila kuyumba. Anakufunga sponji mbili za maji ya chumvi kichwani, dakika ishirini. Kisha unasimama kwa muguu mumoja juu ya godoro dogo, macho umefumba, naye anahesabu sekunde. Alimwambia kila mutu wazi: wengine watapata umeme wa kweli, wengine hapana, na hakuna atakayejua mpaka mwisho. Nani alisikiliza hayo? Sisi tulisikia "kusimama bila kuyumba", basi.

"Hiyo itaniponya," Iliasi akasema.

"Baba Soraya, wanatafuta wazima."

"Basi mimi ni muzima!"

Dokta alikuja mpaka nyumbani, kwani aliuliza jamaa za kila mutu. "Mama, Papa hana kizunguzungu? Hajaanguka siku hizi?" Wavushaji wenzake walikuwa wamesimama pale pale uani, masikio wazi. Iliasi alinikanyaga kidole cha muguu. Ningefanya nini? Nikacheka, mujinga mimi: "Huyu? Huyu iko na nguvu kuliko ng'ombe!" Dokta akaandika.

Siku ya kwanza sponji zilimuwasha kichwa kidogo, akatoka anang'aa uso. Alikuwa amesimama sekunde kumi na moja. Siku ya tatu akavusha watu watano na mbuzi, amesimama, hakuyumba. Wallahi nilichinja kuku. Nilimwambia Mungu asante kwa sauti mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Siku ya tano nilimusindikiza; alisimama sekunde sita, akamuangukia Dokta mikononi.

Dokta akamuketisha. Akamwambia afuate kidole kwa macho, aguse pua, atembee kwenye mustari wa chokaa. Alishindwa yote. "Papa ni mugonjwa," akasema. "Inaonekana sehemu ya ubongo inayotushika tusianguke inaharibika. Alianza lini kuanguka?" Nikajibu mimi, macho chini. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Akatuandikia jina la dokta wa ubongo, Kinshasa, mahali pa kwenda kwa ndege. Nikamuuliza kama huko watamuponya. Akasema pengine watamupa tu jina la ugonjwa.

"Basi uniongezee umeme," Iliasi akasema. "Siku zile nilijisikia vizuri kabisa."

Kwa sababu alikuwa anamutoa katika utafiti wake, Dokta akafungua bahasha iliyoficha kama Iliasi alipewa umeme wa kweli, akasoma. "Papa, mashini yako ilikuwa inazimwa baada ya nusu dakika. Kila siku."

"Basi niwashie ile ya kweli!"

"Siwezi. Sijui itamufanya nini mutu mugonjwa. Hii ni kazi ya wazima, na hata kwao hatujui bado kama inasaidia." Akafuta jina lake kwenye lisiti ya majina.

Tulirudi tunagombana njia nzima. "Ungemwambia siku ile!" akanipigia kelele. "Na wewe ulinikanyaga kwa nini?" Mimi hasira ingali ndani mpaka leo, na kubwa zaidi ni juu yangu mwenyewe. Ningesema tu. Wavushaji wangecheka siku mbili, wakachoka.

Sasa kila asubuhi anajikokota mpaka kivukoni. Mwanzoni wateja walimwita: "Papa Iliasi, utuvushe!" Naye anaangalia maji yaliyotulia kama mafuta ndani ya sahani, anajibu: "Maji mabaya leo." Wanamuonea haya, wanapanda kwa mudogo wake Assumani. Mwezi ukapita hivyo. Wiki hii hakuna hata mumoja aliyemwita. Jana alirudi mapema, anajishika ukuta, akasimama mulangoni pa jiko, akaniambia: "Mama Soraya, leo maji yalikuwa mazuri sana." Nikakaa chini, nikalia mbele yake.