Mtoto wa Dina na Makanisa Mawili

Siku zile za vita vya Hitla, pale Unyambwa, mtoto aliyezaliwa bila kupita mikononi mwa Febronia alikuwa mtoto wa bahati mbaya, au mtoto wa watu wenye kiburi. Febronia alikuwa mwanamke mfupi, mdomo mkali, mkono mwepesi. Mume wake alikufa mapema, watoto wake wakamfuata baba yao, na tangu hapo akawa anazalisha watoto wa wenzake. Hakuchagua nyumba. Aliitwa kwa mpagani akaenda, aliitwa kwa Mwislamu pale mjini akaenda, na kwa Waprotestanti alikwenda pia, akinung'unika tu kwamba watu hawa wanaimba mno.

Yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, tena si wa mchezo. Kila Jumapili alitoka kwake na njaa yake kabla jua halijachomoza, akatembea mpaka misheni ili apokee Komunyo, ule mkate mtakatifu usiopokewa na aliyekwisha kula. Hiyo Komunyo ndiyo iliyomweka hai. Tangu azike wanawe, hapakuwa na mahali pengine moyo wake ulipotulia, na alikuwa akisema wazi kwamba wakimnyima chakula atavumilia, lakini Komunyo, thubutu!

Padre, Mzungu mzee mwenye ndevu, alikuwa amewafundisha wakunga wote wa Kikatoliki jambo moja. Mtoto akizaliwa anakata roho, usingoje mtu. Chukua maji safi, mmiminie kichwani, mtaje Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, mpe jina. Yeyote anaweza, hata mwanamke, hata asiyejua kusoma. Kanisa limesema, basi.

Sasa Dina akashikwa na uchungu. Dina alikuwa binti wa Kikatoliki aliyeolewa na Philipo, mwalimu wa shule ya Waprotestanti wa ng'ambo ya mbuga, na kwa sababu ya ndoa hiyo Wakatoliki walikuwa wamemtenga. Mama mkwe wake, Leah, Mprotestanti wa siku nyingi, ndiye aliyemwita Febronia. Mtoto alitoka miguu mbele, mweusi kwa kukosa hewa, kimya. Febronia alimpulizia mdomoni, akamchapa, akampulizia tena. Pumzi ikaja kidogo, ikakatika.

"Mama, mbatize," Dina alisema palepale alipolala. "Mwite Mathayo."

Febronia akachukua kata ya maji, akambatiza, Leah akiwa ameshika taa ya koroboi juu yao kwa sababu tembe ile ilikuwa na giza hata mchana. Na mtoto akalia. Leah naye akalia, akasema Bwana asifiwe. Walifurahi wanawake wale! Hakuna aliyeuliza maji yalikuwa ya nani.

Wa kuuliza walikuja kesho yake. Wa kwanza alikuwa Gaspari, katekista, mwalimu wa dini wa Wakatoliki, mtu wa kanzu nyeupe na sauti kubwa. "Tumsifu Yesu Kristo! Mathayo ni wetu!" Kabla hajamaliza akafika Simeoni, mzee wa kanisa la Waprotestanti, Biblia kwapani. Kwa desturi mwanamume hakaribii nyumba ya mzazi mpaka kitovu kidondoke, lakini waungwana hawa walisimama kizingitini kabisa, kila mmoja na wafuasi wake nyuma.

"Nionyeshe," Simeoni alisema akiipigapiga Biblia. "Sura na mstari! Wapi mkunga alibatiza? Imani kwanza, maji baadaye. Kichanga hiki kinaamini nini? Kinaamini ziwa la mama yake!"

"Na nani aliyekuambia hicho ni Kitabu cha Mungu, kama si Kanisa?" Gaspari akajibu. "Kanisa lilikuwapo kabla hamjafungua ukurasa mmoja. Petro alipewa funguo. Wewe umepewa nini?"

"Nimepewa macho ya kusoma!"

Febronia, sitawaficha, mwanzoni alifurahi. Gaspari alijibu vizuri, na nani hapendi kuona upande wake ukishinda? Lakini walivyozidi kupayuka alimwona Dina amegeukia ukutani, mtoto amemfunika na kaniki kuwakinga wote wawili na kelele, na mate ya Simeoni yanaruka mpaka ndani. Furaha yote ikamtoka. Akachukua ufagio.

"Tokeni hapa! Mzazi hajapumzika, mnamtemea mate! Nendeni mkagombane zizini!"

Walitoka. Wakarudi jioni. Wakarudi kesho yake, na kesho kutwa, na watu wakawa wanakuja kusikiliza kama wanakwenda ngomani. Philipo, baba wa mtoto, alikaa katikati yao kama mgeni kwake mwenyewe. Na Mathayo akaacha kunyonya. Febronia alimkamulia maziwa kwa tone, akamweka kifuani mwa Dina ngozi kwa ngozi, akafanya yote aliyoyajua. Adhuhuri moja, jua la kiangazi likiwaka, mtoto akafa.

Wakristo wa pande zote mbili walikuwa wamekatazwa kuzika nyumbani kama wapagani. Kwa hiyo Philipo akaenda kwa wazee wake kuomba nafasi makaburini. Akarudi mikono mitupu. Hapo Febronia akajifunga kanga, akaenda mwenyewe. Alianzia kwao, kwa Gaspari.

"Mwalimu, mtoto wetu amekufa. Nataka kaburi."

Gaspari akajikuna. "Pole sana, mama. Lakini kuzika ni mamlaka. Padre yuko safari Itigi, mpaka mvua zinyeshe. Mimi ni nani nihukumu kama ubatizo ule ulikuwa sahihi? Shahidi yuko wapi?"

"Leah aliona."

"Leah ni Mprotestanti, mama. Ushahidi wake kwetu..."

"Juzi uliimba kwamba ni wetu!"

"Alikuwa hai," Gaspari alisema, na kwa kweli hakuona ubaya wa neno lile.

Akavuka mbuga mpaka kwa Simeoni. Simeoni alimpa kigoda, akamwonea huruma, akasema ingekuwa furaha yao. "Lakini, mama, tukimzika tutakuwa tumeyakubali maji yako. Roma imemwosha, Roma imzike."

"Mzee Simeoni, kuna joto. Mtoto ataanza kunuka. Hayo Maandiko yako yanasema nini juu ya mtoto anayenuka?"

Wallahi, kama ningekuwapo! Maana mzee yule hakuona haya. Alivaa miwani, akalowesha kidole kwa ulimi, akaanza kufunua kurasa kutafuta. Febronia alikitazama kile kidole, kikienda mdomoni na kurudi kwenye karatasi. Akatema chini, mbele ya miguu ya mzee wa kanisa, akaondoka bila kuaga.

Alimkuta Dina akimfukuzia maiti nzi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na Febronia hakumwambia mtu alichokiona alipomwosha yule mtoto. Zamani, kabla ya misheni yoyote, kichanga kilizikwa na wanawake peke yao, wanaume wasijue hata mahali. Wakaifuata desturi hiyo, shambani, na Leah ndiye aliyeshika jembe. Wanawake majirani wakaja, wa huku na wa kule. Febronia alisali sala yake, Leah akasali ya kwake, udongo ukasawazishwa, na mvua za kwanza zilipokuja wakapanda uwele shamba lote, hata juu ya kaburi.

Uwele ulikuwa umefika magotini Padre aliporudi na kusikia habari. Alisikiliza kwa makini, akatoa hukumu: ubatizo ni halali, hauna shaka hata kidogo. Mtoto ni mtakatifu mbinguni na mwili wake ulale katika ardhi iliyobarikiwa. Gaspari alichangamka huyo! Simeoni aliposikia akaja mbio na watu wake, kwamba kama mtoto wa Philipo atafukuliwa, basi atalala kwao, Roma isijipatie ushindi. Wakafika kwa Leah wote na majembe, makundi mawili. Siku walipomkataa hakupatikana hata mwenye koleo.

"Kaburi liko wapi?" wakamwuliza Philipo. Hakujua. Wakawauliza wanawake. Wa Kikatoliki wakamtazama Leah, wa Kiprotestanti wakamtazama Febronia, hakuna aliyenyosha kidole. Dina alikuwa anapepeta nafaka. Hakusimama.

Padre akamgeukia mtu wake. "Febronia, binti yangu. Wewe unajua."

"Najua, Baba."

"Basi tuonyeshe."

"Hapana, Baba."

Watu wakaguna. Padre hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Febronia kinyaa zaidi, upole ule. "Ni Kanisa linalokuagiza, si mimi. Ukikataa kutii, sitaweza kukupa Komunyo."

Febronia aliwageukia watu. Akamwona Simeoni anatabasamu, akamwona Gaspari ameshika jembe jipya. Akamtazama Dina.

"Maji nilimtia kwa sababu ulinifundisha, Baba, na sijuti," alisema. "Lakini alipokuwa ananuka, hawa wote walikuwa wanauliza nani ana haki. Waacheni waendelee kuulizana. Yeye mmuache. Basi, Baba, sitapokea."

Jumapili ya juma lile, watu walidhani amehamia kwa Waprotestanti, au amebaki nyumbani. La. Alikwenda misheni na njaa yake, akapiga magoti kwenye benchi la Komunyo pamoja na wenzake, akafumba macho, akafungua mdomo. Padre alifika mbele yake, akasimama.

"Utaonyesha?" akanong'ona.

Febronia akatikisa kichwa, mdomo bado wazi. Padre akapita. Jumapili iliyofuata akapiga magoti palepale, na iliyofuata, na mwaka uliofuata, mpaka Padre yule mzee akawa anapita mahali pale akiangalia chini.