Nguzo za Ndugu Yangu Lumir

Ndugu yangu Lumir amejenga nyua za ng'ombe huku kwetu Nebraska tangu ujana wake, na hakuna fahali aliyewahi kung'oa nguzo yake. Zile za shamba la baba zipo mpaka leo. Anayebisha aende akazisukume.

Magoti yalipochoka akapata kazi kwenye uwanja wa zamani wa ndege, pale wanapogongesha magari kwenye reli za kinga za kando ya barabara waone kama zitaokoa watu. Yeye husimika nguzo za reli. Gari huvutwa kwa waya. Ndani hamna dereva, ila mdoli.

Injinia wake, binti aitwaye Marlys, alimwambia nguzo ashindilie kwa udongo na changarawe tu. Lumir akaona aibu. Nguzo ya kuchezacheza, wenzake kanisani watasemaje? Marlys alipokwenda kula, akamimina zege kwenye kila shimo, akafukia juu.

Siku ya kugonga nilikuwepo, nimewapelekea mikate ya matunda ya plamu. Pikapu likaja mbio, pu! Nguzo hazikutikisika. Gurudumu likanasa kwenye nguzo, pikapu likabinuka, likalala chali.

"Umeona, dada? Zimesimama!"

"Zimesimama, na angekuwa mtu mle ndani kafa, bwege wee."

Marlys akafukua kwa koleo. "Mzee Lumir, hii zege ya nani?"

"Yangu, binti. Sikatai."

"Basi Ijumaa tunarudia. Ukinifanyia tena hivi, hapa huna kazi."

Jioni Lumir akasusa chakula. "Mimi Lumir nisimike nguzo ya kulegea? Bora niache!"

"Ulipoanguka kutoka dari ya banda la ng'ombe," nikamuuliza, "uliangukia nini?"

"Rundo la nyasi."

"Ungeangukia sakafu, leo ungekuwa unaninunia hapa?"

Akavuta sahani, akala.

Akasimika upya zote, udongo na changarawe, tabaka kwa tabaka, kama alivyoagizwa. Ijumaa pikapu likagonga. Nguzo ya kwanza ikainama, ya pili, ya tatu, kama watu wanaompisha mgeni. Reli ikalikumbatia gari, likateleza ubavuubavu mpaka likasimama kwa magurudumu yake. Mdoli kakaa wima kama yuko ibadani.

"Jumatatu uje na koleo lako, mzee," Marlys akasema.

"Nani kakwambia siji?"

Akaenda kuzishika zile nguzo, moja moja, kifua mbele.

"Dada, tazama zilivyoinama. Nionyeshe fundi mwingine wa kuinamisha nguzo namna hii!"