Ukuta wa Kupapaswa

Jina la Mama Udongo lilianza kama dhihaka, na aliyemtungia ni kaka yake wa tumbo moja. Siku alipotangaza mbele ya familia kwamba atamjengea mama yao nyumba ya matofali ya udongo, ya kushindilia kwa mashine bila kuchomwa moto, kaka alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi," akasema, "leo tumepata Mama Udongo." Kaka ana duka la vifaa vya ujenzi. Anauza saruji, bati, rangi na misumari, na udongo kwake ni kitu cha kukung'uta kwenye viatu kabla ya kuingia ndani. Jina likaganda. Mwenyewe hakununa, akalivaa, na baada ya muda wateja wakawa wanamuulizia mtaani kwa jina hilohilo.

Usidhani alikuwa anacheza. Nyumba ya zamani ya mama yao, ambaye watoto wote wawili humwita bi mkubwa akiwa hayupo na Mama akiwepo, ilikuwa chumba na sebule chini ya bati tupu lisilo na dari. Msimu wa joto ukiingia mle mchana unatoka umelowa chapachapa. Feni ilikuwepo, lakini feni inazungusha joto lilelile, na umeme wenyewe ulikuwa unakuja ukijisikia. Mwaka mmoja bi mkubwa akaanguka jikoni, presha juu, mwili umekauka maji, akalazwa. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alimwambia binti kwamba mzee huyu akiendelea kukaa ndani ya joto lile, safari ijayo wasimlaumu mtu. Maneno hayo yalimkaa Mama Udongo rohoni, na ndiyo yaliyomfanya ajenge.

Akajenga kweli. Kuta nene, upenu mrefu ili jua lisilambe ukuta, madirisha yanayotazamana ili upepo ukiingia huku utokee kule. Juu kabisa, chini ya bati, akaacha safu ya matundu ya kutolea hewa ya moto. Msimu wa joto uliofuata bi mkubwa alilala mchana bila feni, amejifunika shuka, na bili ya umeme ikawa kama ya nyumba isiyo na mtu.

Lakini kazi hiyo ina karaha zake, na anayekuambia haina anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Si kila udongo unakubali. Shehena ya kwanza ya matofali ilipasukapasuka, akaimwaga yote na kuanza upya. Mafundi walikuwa wanamkimbia kwa sababu kushindilia ni kazi ya kuvunja mgongo. Benki iliposikia neno udongo ikamwambia arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ya benki hiyo haijafika mpaka leo. Kubwa kuliko yote ni macho ya majirani. Watu walikuja, wakasifu ubaridi, wakatikisa vichwa, kisha wakaenda kujenga nyumba za saruji, maana nani anataka kuambiwa amekaa uzeeni ndani ya kichuguu?

Ndipo Mama Udongo akabuni desturi yake. Nyumba ya mama yake hakuipiga plasta, si nje wala ndani, ili kila tofali lionekane. Na mteja yeyote aliyekuja na maneno mengi alimkatiza: "Kwanza papasa, halafu tuongee." Anamshika mkono mpaka chumbani kwa bi mkubwa, kwenye ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri yote, anamwambia aweke kiganja. Mteja anaweka, anakuta ukuta baridi, macho yanamtoka. Hapo mazungumzo yanabadilika. Kwa ukuta ule Mama Udongo alipata kazi ambazo maneno yasingempatia.

Mwalimu mkuu mmoja alifika hivyohivyo, akapapasa, akashikwa na hamu. Shule yake ilitaka kujenga nyumba za walimu, safu nzima. Alisema ataleta kamati ya shule nao wapapase, kisha waamue. Kwa Mama Udongo hiyo ilikuwa kazi ya kumtoa kwenye kubangaiza, na ya kumfunga kaka yake mdomo pia, tusifichane. Ila wakati huohuo alikuwa ameitwa kujenga mbali. Wakakubaliana na mwalimu kwamba kamati itakuja akirudi.

Aliondoka mvua zinaanza. Kwenye simu bi mkubwa alikuwa anajibu kila mara, "Niko salama, fanya kazi yako." Akarudi joto limeshashika, na alipokata kona ya mtaa akadhani amepotea njia.

Nyumba ilikuwa imepigwa plasta ya saruji pande zote na kupakwa rangi ya maziwa, inang'aa. Matundu yote ya juu yamezibwa. Akatua begi chini, akasogea ukutani, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukaitika mtupu. Chini, karibu na msingi, rangi ilikuwa imefura, na alipoibonyeza plasta ikadondoka na udongo nyuma yake ulikuwa umelowa kama uji. Alijua palepale. Ukuta wa udongo hunyonya maji ya mvua kidogo kidogo na kuyatoa. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani na kuula.

Ndani nako kuta zilikuwa zimepigwa plasta ileile, na joto lilimpokea mlangoni. Bi mkubwa alikuwa ameketi mbele ya feni mpya, kitambaa kibichi kichwani, midomo imekauka. "Umerudi mwanangu," akasema, akatabasamu kwa shida.

Kaka aliitwa, akaja moja kwa moja kutoka dukani, kalamu bado iko sikioni.

"Kaka, umefanya nini?"

"Nimemsitiri mama," akajibu. "Wewe ulimwacha uchi, nyumba nzima matofali nje. Hata asante sipati?"

"Na matundu?"

"Yale ya banda la kuku? Yalikuwa yanaingiza vumbi. Nimeyaziba."

Mama Udongo akatoka nje. Alichukua tindo na nyundo kwenye begi lake, akaegemeza ngazi, akapanda kwenda kuyafungua. Alishapiga nyundo ya kwanza aliposikia sauti ya bi mkubwa mlangoni.

"Shuka."

"Mama, hii nyumba itakuua."

"Nimesema shuka. Kaka yako hana kosa. Mimi ndiye niliyemwita."

Akashuka. Kaka mwenyewe akainamisha kichwa, maana aliahidi kutosema.

"Kila wiki unaniletea watu," bi mkubwa akaanza, taratibu, kama mtu aliyelipanga neno muda mrefu. "Wanaingia chumbani kwangu na viatu. Kitanda sijatandika, wanapita. Siku moja mwanaume mzima amenikuta navaa, na wewe unamwambia, pita tu, mama hana neno. Uliniuliza lini kama sina neno?"

"Mama, nilikuwa natafuta kazi."

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza. Halafu nikaona, nyumba ikipigwa plasta hawatakuwa na cha kupapasa. Hawatakuja."

"Na joto je?"

"Joto nimelizoea tangu nikiwa msichana. Kuangaliwa sikuzoea."

Mama Udongo alisimama pale na nyundo yake mkononi, uso unamwaka kwa aibu. Kilichomchoma zaidi ni kitu ambacho wale wengine wawili hawakukijua. Iko plasta ya chokaa na udongo, nyeupe, ya heshima, inayoacha ukuta upumue. Angeweza kuipiga siku ya kwanza. Mama yake angekaa kwenye nyumba iliyokamilika kama za watu, na ubaridi ungebaki. Hakuipiga kwa sababu ingeficha matofali yake.

Alitaka kulisema. Akasema tu, "Kesho tutaongea, Mama," akaondoka.

Kesho yake mchana kaka alipiga simu, sauti haieleweki. Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama, na mtoto wa jirani alimkuta bi mkubwa sakafuni. Kaka alikuwa ameshampakia kwenye gari la dukani. Walikutana hospitalini, wakakaa kwenye benchi bila kutazamana. Aliyetoka kuwaambia hali ya mgonjwa alikuwa daktari mwingine, lakini maneno yalikuwa yaleyale, ila safari hii akaongeza kwamba upande wa kushoto umelegea na hajui kama utarudi.

"Nilidhani namheshimisha," kaka akasema.

"Hata mimi," akajibu Mama Udongo.

Siku ambazo bi mkubwa alikuwa wodini, ndugu wawili hao walifanya kazi pamoja kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Walizibua matundu. Wakabandua plasta kipande kwa kipande, na kaka akafunga duka na kubeba vifusi mwenyewe, shati linamgandia mgongoni. Ukuta wa magharibi ulikuwa umeoza chini, ikabidi wauvunje hadi usawa wa dirisha na kuujenga upya. Kisha Mama Udongo akakoroga chokaa na udongo, akapiga plasta nje na ndani. Nyumba ikawa nyeupe, imetulia. Kaka aliitazama sana. "Kumbe inapendeza," akasema. Dada yake akaendelea kusugua mwiko.

Bi mkubwa akarudishwa, anaburuta mguu, mkono mmoja umelala mapajani. Akalazwa chumbani kwake. Hakusema kitu kuhusu kuta, ila aligeuza uso upande wenye upepo akafumba macho.

Mwalimu mkuu alikuwa amevumilia kuahirishwa tena na tena. Alasiri moja akaja bila taarifa, na gari limejaa kamati. Mama Udongo alikuwa nyuma ya nyumba akirudiarudia plasta, akatoka na chokaa mikononi, akawazungusha nje, akawaonyesha upenu na matundu. Walisikiliza kwa adabu. Kisha mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mwenye fimbo, akasema, "Mama, mwalimu ametueleza habari za ukuta wa kupapasa. Tunaomba tuuone huo."

"Uko chumbani kwa mama yangu."

"Hatutakaa. Tunaweka mkono, tunatoka."

"Mama amelala."

Mwalimu mkuu akamvuta pembeni. "Mama Udongo, nisaidie nikusaidie. Nusu ya hawa wanataka saruji, na fundi wao wameshampata. Bila ukuta ule sina cha kuwaambia."

Kaka alikuwa amesimama karibu na ndoo. Akamtazama dada yake kwa macho ya kumwambia akubali, yeye muuza saruji.

"Mwalimu, nisamehe," Mama Udongo akasema. "Chumba kile si duka langu."

Wakaagana vizuri. Mwenyekiti alisema watamjulisha, na kila mtu pale alijua maana yake. Gari likageuza, likaondoka. Mama Udongo alijisikia ametua mzigo, na juu ya uchungu wa kazi iliyopotea alikuwa na fahari kidogo kwamba safari hii amemlinda mama yake.

Akanawa mikono, akaingia chumbani kwa kunyata. Kulikuwa na ubaridi mzuri. Bi mkubwa alikuwa macho, ameinuliwa na mto, kitanda kimetandikwa vizuri upande ule mkono wake mzima ulipofikia. Alikuwa amejitanda mtandio wake wa kutokea.

"Wameondoka?" akauliza, ulimi mzito.

"Wameondoka, Mama. Nimewaambia umelala."

Bi mkubwa akaulegeza mtandio kwa mkono wake mzima.

"Niliwasikia tangu wanashuka," akasema. "Nikajiweka sawa. Nikasema leo atabisha hodi, ataniuliza."